Karatasi za Lavinia

Karatasi zilikuwa zimelowa. Sanduku lilikuwa kavu, gauni lililokunjwa juu yake lilikuwa kavu, lakini karatasi za Harriet Pym zilichuruzika maji, na chumba kizima cha kuvalia kilinuka kafuri, ile ya kujipaka kifuani mtu akiwa na kikohozi.

"Bibi Gadd, nani amegusa vitu vyangu?"

"Nani aguse, mwanangu? Ufunguo ninao mimi." Bibi Gadd, aliyekuwa akiwavalisha waigizaji wa kike, alinusa hewa. "Mbona pananuka kama alipokuwa Lavinia?"

"Usimtaje!"

Kampuni yao ilitoka London ikaja Amerika na mchezo mmoja tu, kisa cha mke aliyesingiziwa. Kule kwao kilishawaliza watu miaka na miaka. Sasa kilikuwa kikiwaliza wachimba madini ya fedha wa mji wa Leadville, wanaume wenye ndevu ambao ungedhani hawana machozi. Waigizaji nao wana mambo yao. Piga mluzi nyuma ya pazia uone watakavyokufukuza. Na mchezo wenyewe hakuna anayepewa wote: kila mmoja hupewa karatasi zenye maneno yake tu, na juu ya kila jibu, maneno machache ya mwisho ya mwenzake, ili ajue lini afungue mdomo. Bwana Crake, meneja, alizoea kupachika maneno mapya kila mji bila kumwambia mtu. Ukiyakuta, unayakariri, basi.

Karatasi zile zilikuwa za Lavinia Tolliver kabla hazijawa za Harriet. Wiki sita zilizopita treni ilisimama kwenye kibanda kitupu cha reli katikati ya theluji, na abiria wakashuka kuota moto. Lavinia alikuwa na homa na kikohozi, akasinzia kando ya jiko. Mumewe, Ambrose, alikuwa kwenye behewa la mizigo akilinda mapazia. Wakati wa kuondoka, Crake alipopita behewani kuhakiki watu, kila mwanamke alimjibia mwenzake wa chumba cha kuvalia, kama walivyozoea. "Yumo," alisema Harriet. "Amelala nyuma." Alitaka nafasi ya Lavinia kwa onyesho moja tu, treni ya kesho yake ingemleta. Lakini theluji ilifunga njia siku tisa, kisha gazeti likaandika habari za mwanamke aliyekutwa amekufa kibandani, asiyejulikana jina. Harriet alilichoma gazeti lile. Na Ambrose, Harriet alikuwa amekwisha kumdanganya kwamba mkewe alipanda treni ya upande wa pili na bwana mmoja mwenye koti la manyoya.

Jumamosi hiyo walikuwa na onyesho la mchana. Harriet alimkuta Ambrose mezani na sahani ya nyama, akikariri huku anatafuna.

"Umepauka kama unga, dada! Kula basi. Hebu nisikilize: 'Ni nani aliyesema kwamba yumo?' Hapo nipaze sauti au niishushe?"

Harriet alimnyang'anya karatasi. "Nani kakupa maneno hayo?"

"Nimeyakuta asubuhi. Mzee kapachika tena. Safari hii kayalowesha, sijui alikuwa anaandikia ndani ya beseni."

Harriet alimkimbilia Crake. "Mimi?" alifoka meneja. "Tangu Denver sijabadilisha hata nukta. Nenda kavae, na ole wako uniharibie tendo la tatu."

Alirudi chumbani, akafungua tendo la tatu. Chini ya maneno "kwamba yumo" palikuwa na jibu moja jipya la penseli, kwa mwandiko ulioinamia kushoto, mwandiko wa Lavinia: Mimi.

Aliuchana ukurasa ule, akautupa ndani ya jiko la makaa pale chumbani. Haukushika moto. Ulilala juu ya makaa ukitoa mvuke, na moto ndio uliozimika.

Tendo la kwanza lilipita, la pili likapita. La tatu lilipoanza, baridi ilipanda kutoka chini ya mbao za jukwaa ikamshika vifundoni, na kafuri ikawa nzito kiasi cha kumkaba, na katika kile kishimo cha mbele ya jukwaa, ambamo mzee mmoja hukaa kuwanong'oneza waigizaji maneno wakisahau, Harriet hakumwona mzee bali mabega ya mwanamke yenye theluji isiyoyeyuka, ingawa taa zilikuwa zikiwaka karibu naye, na Ambrose, masikini, asiyejua lolote, akasogea, akamshika mikono kama mchezo ulivyotaka, akauliza kwa sauti ya chini, "Ni nani aliyesema kwamba yumo?" na kutoka kishimoni kikatoka kikohozi, halafu mnong'ono wa upole kabisa, wa mtu anayemsaidia mwenzake aliyesahau, "Mimi. Sema: Mimi."

"Mimi," alisema Harriet. Kisha yakamtoka yote, kibanda, jiko, theluji, na yule bwana wa manyoya ambaye hakuwahi kuwepo.

Watu walisimama wakishangilia. Walikuwa hawajapata kuona uigizaji kama ule. Ambrose peke yake alimwachia mikono. Pazia liliposhuka alimfuata chumbani.

"Nilipokuwa namwandikia Lavinia barua ya kumsihi arudi," alisema, "ulinisaidia kufunga bahasha."

"Ndiyo, Ambrose."

"Alikuwa amelala kweli ulipomwacha? Niambie alikuwa amelala."

Hilo halikuwa limeandikwa popote. Harriet angeweza kusema ndiyo, na hakuna ambaye angejua. Alisikiliza kama atanong'onezwa. Hakunong'onezwa.

"Treni ilipoanza kwenda aliamka," alisema. "Akaja dirishani. Alinipungia mkono, Ambrose. Alidhani ninashuka kumchukua."

Ambrose alichukua koti lake, akatoka bila kumtazama. Bibi Gadd alikuwa kwenye ujia mwembamba wa nje na nguo mikononi. Alimpisha Ambrose, kisha akajibana tena ukutani, akapisha mtu wa pili.

"Harriet," alinong'ona, "kafuri imeondoka naye."

Kweli, chumba kilikuwa na joto tena. Harriet aliketi, akaanza kulia, maana alitamani ibaki.