Helmeti ya Kupakata

Kinyozi alikataa kuvaa helmeti.

Hakukataa kwa sababu ya joto, wala kwa kuwa ilimbana. Alikataa kwa sababu ya nywele. Mwanaume mzima, ana ndevu, ana mchumba, ana banda lake la kunyolea lenye viti viwili na kioo cha ukuta mzima, lakini kichwa alikilea kama yai. Usiku alikifunga soksi ya nailoni. Asubuhi alikipaka mafuta na kukipiga brashi mpaka nywele zikalala mistari mistari. Mtaa mzima ulimwita Mawimbi, naye akaitika kama aliyeitwa kwa cheo.

Mwendesha pikipiki alikuwa mchumba wake. Yeye alikuwa dereva wa maabara: anazunguka zahanati, anakusanya chupa za damu, anazipanga kwenye kisanduku cha baridi na kuziwahisha zisiharibike. Pikipiki ilikuwa ya ofisi. Asubuhi ofisi ilimruhusu kumpakia mtu mmoja njiani, kwa sharti moja: abiria avae helmeti. Ukionekana na abiria kichwa wazi, kazi huna.

"Vaa," alimwambia Mawimbi, injini ikinguruma mlangoni.

"Hilo sufuria?"

"Hilo hilo."

"Mpenzi, kichwa changu ndicho kibao cha biashara. Mteja akinikuta nywele zimelala kama majani yaliyokanyagwa na ng'ombe, atanikabidhi kichwa chake nikifanye nini?"

"Atakukuta uko hai. Anzia hapo."

"Watu wananicheka kwamba napakiwa na mwanamke. Sasa unataka nipakiwe nikiwa nimefunikwa, kama uji wa mgonjwa?"

"Kama kupakiwa ni aibu, miguu unayo."

Akazima injini, akakunja mikono. Mawimbi akasimama pale akingoja kubembelezwa. Hakubembelezwa. Akaondoka kwa miguu, kidevu juu, akikwepa madimbwi kama paka.

Baadaye ujumbe ukaingia kwenye simu ya dereva: "Nimefika. Shati limelowa jasho lakini kichwa kiko salama."

Akajibu: "Kwa nje sina wasiwasi. Ndani ndiko kuna nafasi."

Pamoja na maneno hayo, alimpenda. Ukipenda, chongo huita kengeza; huyu upumbavu aliuita usafi. Na kila siku, akipeleka chupa zake hospitali, alipita mapokezi ya majeruhi. Alishaona kichwa kilichokutana na lami. Hakutaka kukiona kingine, hasa hiki alichokipanga kulala nacho mto mmoja maisha yake yote.

Akanunua helmeti mpya, nyeusi, ndogo kuliko ile ya kwanza. Akaipeleka kwa fundi cherehani. Jioni akaenda nayo bandani.

"Ingiza mkono ndani," alimwambia.

Mawimbi akaingiza vidole viwili, kama anayetafuta nge. "Satini?"

"Satini. Fundi ameishonea juu ya sponji. Nywele zitateleza, hazitavurugika."

"Umekaa chini ukawazia nywele zangu?"

"Nimekaa chini nikawazia fuvu lako. Nywele ni wapangaji tu."

Mawimbi akacheka, cheko zuri lile lililomponza dada wa watu tangu siku ya kwanza. "Haya, mama. Umeshinda."

Kwa kuwa vioo vya pikipiki dereva alivitegea barabara, si mchumba, wakapatana ishara. Mawimbi akishakaa na kuivaa, aigonge kwa vidole: ko, ko. Akisikia, anaondoka.

Ikawa kila asubuhi ko, ko. Dereva aliendesha kwa moyo mweupe, mpaka akawa anaimba ndani ya helmeti yake.

Kisha dada yake Mawimbi, mwenye duka la vitambaa pale njiapanda, akampigia.

"Wifi, mmekata tamaa na ile helmeti?"

"Kwa nini? Anaivaa kila siku."

"Anaivaa wapi, gotini?"

"Unasema nini, wifi?"

"Mmepita hapa dukani sasa hivi. Kaka ameipakata kama mtoto mchanga. Bado kuinyonyesha tu."

Dereva akakata simu. Helmeti hulia ko, ko popote ilipo, kichwani au mapajani. Hilo hakuwa amelifikiria.

Akageuza pikipiki. Banda la Mawimbi lilikuwa wazi, mashine inanguruma, fundi viatu wa jirani yuko kitini amenyolewa upande mmoja. Mawimbi alikuwa anasimulia, mgongo kauelekeza mlangoni.

"Mwanamke humpi kichwa, ndugu yangu. Unampa mlio! Nagonga ko, ko, yeye huyooo, anaondoka."

Fundi viatu alikuwa amemwona dereva kwenye kioo. "Mawimbi, nyamaza."

"Ninyamaze kwani yupo?"

"Yupo," akasema dereva.

Mashine ikazimwa. Fundi viatu akaamua nusu kichwa kinatosha, akatoka na taulo shingoni.

"Mpenzi, ni utani tu wa wanaume."

"Nikionekana, nafukuzwa kazi. Ukianguka, unakufa. Nionyeshe utani uko wapi, na mimi nicheke."

"Nimekosa."

"Kwa nini, lakini? Nywele nimezishonea satini."

Mawimbi akakuna shingo. "Wale vijana wa kibarazani njiapanda. Wakiniona nimefunikwa nyuma yako wanapiga miluzi. Wananiita bibi harusi."

"Kwa hiyo miluzi ndiyo inayokutisha, si lami."

"Kesho nitaivaa mpaka mlangoni. Naapa kwa mama."

Mama wa watu hakuwepo kujitetea.

Asubuhi iliyofuata dereva hakungoja mlio. Aligeuka, akamvalisha mwenyewe, akamfunga mkanda chini ya kidevu.

"Kama mtoto wa chekechea," Mawimbi alinung'unika.

"Mtoto wa chekechea angekuwa ameshaelewa."

Wakaenda. Walipokaribia njiapanda, kile kibaraza kikaonekana, vijana wote wapo. Mawimbi akafungua mkanda, akavua, akaishika helmeti kwa mikono miwili isidondoke. Palepale gari lililoegeshwa likafunguliwa mlango mbele yao. Dereva akashika breki. Mwenye mikono miwili kwenye helmeti hana mkono wa kumshika mtu. Mawimbi akaruka peke yake, akatua kwenye lami kwa upande wa kushoto wa kichwa. Dereva alianguka na pikipiki, akatua kwa goti.

Vijana wa kibarazani hawakupiga mluzi. Ndio waliombeba.

Alasiri msimamizi wa maabara alifika wodini, mtu mkavu, kalamu mfukoni. Dereva alikuwa amekaa kando ya kitanda, goti limefungwa bandeji, wifi yake amesimama nyuma yake. Mawimbi alikuwa na kichwa kilichozungushiwa kitambaa cheupe mpaka nyusi.

"Pole," msimamizi alisema. "Ulikuwa umevaa helmeti?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

Mawimbi akaangalia dari, akaangalia dripu, akamwangalia dada yake. Kwa mchumba wake hakuangalia.

"Hakunipa."

Msimamizi akatoa kalamu.

"Rudia," dereva akasema.

"Hukunipa. Ungenipa ningevaa."

"Kaka!" Wifi mtu akapaza sauti hadi mgonjwa wa kitanda cha pili akaamka. "Una aibu wewe? Nimekuona kwa macho yangu unaivua mbele ya duka langu! Imeokotwa mtaroni, mkanda umefunguliwa, haina hata mkwaruzo! Mwenzako anaweza kupoteza kazi, wewe unamkana?"

"Dada, taratibu, kichwa kinauma."

"Acha kikuume! Leo ndiyo kimepata kazi!"

Dereva aliuliza kwa sauti ya chini, "Kwa nini umesema hivyo?"

Mawimbi akameza mate. "Nikisema nilivua mwenyewe, mtaa mzima utanicheka."

"Mimi nilale njaa, ili wewe usichekwe."

Mawimbi akavuta shuka mpaka kidevuni.

Msimamizi akarudisha kalamu mfukoni. "Nimesikia. Hatutakufukuza," alimwambia dereva. "Lakini abiria ni wa dereva. Ulijua kwamba anavua?"

"Nilijua jana."

"Na leo ukampakia."

"Aliapa."

"Pikipiki haiendi kwa viapo. Utakaa nyumbani miezi miwili, bila mshahara."

"Ni haki," dereva akasema.

Msimamizi alipotoka, dereva akavua pete, akaiweka mezani karibu na vidonge.

"Mpenzi, unaniacha kwa ajili ya helmeti?"

"Ungeivua tu, ningekuuguza mpaka upone. Umenikana nikiwa nimekaa hapa, goti linavuja damu kwa ajili yako. Mtu anayeogopa kuchekwa atanikana kila watu watakapocheka, na watu hawaachi kucheka."

"Mimi ni mgonjwa, lakini."

"Naona. Mimi si dawa."

Akaondoka akichechemea, wifi amemshika mkono. Yule wifi alimwacha kaka yake kitandani akamsindikiza mtu baki mpaka nyumbani.

Mawimbi alituma ujumbe alipopata nafuu: "Nimekosa. Rudi. Sasa navaa hata nikivuka barabara kwa miguu."

Akajibiwa: "Vaa. Ila usivae kwa ajili yangu." Baada ya hapo namba yake ikafungiwa.

Gharama ni hizi. Mawimbi: sikio la kushoto, halisikii tena, meno mawili ya mbele, na mwanamke aliyekuwa tayari kuzeeka naye. Dereva: miezi miwili bila kazi, goti linalouma kila akichuchumaa, na gauni jeupe la harusi alilompa binamu yake likiwa halijavaliwa.