Kikapu Kitupu cha Zuleikha

Zuleikha alikuwa na sukari, na hakuruhusiwa kutembea.

Hakufungiwa ndani. Sokoni Kismayo alikwenda, matangani alikwenda. Lakini kutembea tu, kwa ajili ya mwili wake, hapana. Mumewe Idris alicheza mpira ufukweni kila alasiri, tumbo mbele, na mtaa mzima ukamsifu kwa kujitunza. Mwanamke akipita mikono mitupu, mtaa uleule uliuliza anamfuata nani.

Miaka sita aliambiwa na wauguzi afanye mazoezi. Mwishowe akabeba kikapu kitupu, aonekane ametumwa. Mlango wa kwanza akaagizwa ndimu. Wa pili, chumvi. Wa tatu akakalishwa ampakate mtoto. Nusu saa ikaisha, hata msikiti hajaufikia.

Barke, mhudumu wa afya wa mtaa, alipima sukari yake akakuta haijashuka. Akamfuata Idris, aliyekuwa akifunga viatu vyake vya mpira, akamweleza kuwa dawa peke yake haitoshi.

"Mke wangu hapumziki, dada Barke," alisema Idris. "Kazi zote zile si mazoezi?"

"Tangu alfajiri amekaa kigodani akikaanga mahamri. Kinachotembea pale ni mkono. Anatakiwa kutembea kwa haraka nusu saa, siku tano kwa wiki, bila kusimamishwa milangoni."

"Watu watasema."

"Wamesema miaka sita. Sukari imeshuka?"

 Barke akamuuliza yeye akiwa mpirani, nani huangalia chungu. Idris akafungua kamba za viatu vyake.

Kesho yake Idris alibaki jikoni. Baada ya sala ya alasiri Zuleikha alitoka na Barke, raba miguuni, kikapu amekiacha. Mzee mmoja barazani akauliza kwa sauti, kwa lahaja ya pale inayomwita mtu "mchu", "Mchu huyu aenda wapi?"

"Naenda na kurudi," alijibu Zuleikha, wala hakupunguza mwendo.

Baada ya miezi minne, wanawake tisa walikuwa wakitembea naye. Dawa hakuacha, mwendo hakuacha, na sukari ikashuka.

Ruhusa hiyo ilimgharimu Idris nusu saa ya mpira na sufuria moja ya wali ulioungua. Kunyimwa kulimgharimu Zuleikha miaka sita, na mguu wa kushoto ambao leo ukikanyaga mwiba haujui.