Larissa na Seva ya Clairwood

Kila siku akirudi shuleni, Larissa alikula kwanza, kisha akasubiri zamu yake kwenye kompyuta ya Marcelline, shangazi aliyemlea hapo Durban. Akiwa nyumbani, Marcelline alisimamia seva ya ghala moja la mtaa wa Clairwood, yaani kompyuta kubwa iliyopanga mizigo ya malori yote. Programu ya kuisimamia ilikubali Windows tu, na kompyuta yake ilitumia Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta. Basi aliweka Windows ndani ya Linux, ikawa inafunguka kwenye kidirisha chake, na programu ilionyesha humo skrini ya seva yenyewe, hivyo kilichobofywa hapo kilitendeka ghalani.

Siku hiyo Marcelline alikuwa ametoka kununua mkate, na kidirisha kilikuwa wazi. Kwao umeme ulilipiwa kabla ya kutumiwa, na sheria ya nyumba ilikuwa moja: usichotumia, zima. Larissa alidhani Windows ile ya ndani ni ya kuigiza tu. Akabofya pa kuzima, akaulizwa kama ana hakika, akakubali. Kidirisha kikawa cheusi, naye akaanza hesabu zake, mtoto mwema kabisa.

Marcelline aliporudi, hata mkate hajauweka mezani, simu ikalia. Alikuwa Bwana Ebrahim, meneja wa ghala, akipaza sauti hadi Larissa akasikia. Seva imezimika na malori yamekwama. Alikuwa na hakika kwamba Ildephonse, mlinzi, amechomoa waya ili achaji simu yake, na jioni hiyo hiyo angemfukuza kazi.

Larissa akaacha hesabu, akakitazama kidirisha alichokizima. Ildephonse alisali nao kanisa moja, na Larissa alimwita Papa kwa heshima. Akinyamaza, hakuna atakayejua. Akisema, huenda shangazi ndiye atakayefukuzwa. Aliogopa.

"Tantine," alimwambia shangazi, "haiko Papa Ildephonse. Ni mimi nilizima."

Marcelline, simu ingali sikioni, aligeuka akatazama kidirisha cheusi. Kisha akamwambia meneja kwamba kosa limetoka nyumbani kwake, akaomba Ildephonse abonyeze kitufe cha kuwashia seva. Wakasubiri. Hatimaye kidirisha kikawaka. Meneja alifoka, akaonya isirudiwe, lakini hakumfukuza mtu.

"Umeniogopesha sana," Marcelline alisema. "Na mimi nilikosea, niliacha wazi. Kitu hukijui, uliza mbele ya kugusa. Na ukiharibu, sema mara moja, juu mwingine asilipe kosa yako. Dimanche, kule kanisani, utamuomba Papa Ildephonse pardon, akusamehe, wewe mwenyewe."

Larissa akaitikia. Bado aliogopa, lakini akauchukua mkate na kuuweka mezani.