Mama wa Ubatizo wa Bibi

Kila Jumamosi asubuhi Kiherehere alimsuka bibi yake nywele barazani. Jina hilo alilipata kwa sababu hakuwahi kusubiri mtu amalize sentensi. Jumamosi hiyo aliacha kitana kichwani mwa bibi akakimbilia simu ya mama.

Darasa lao lilikuwa limepewa kazi ya kuandika historia ya ukoo, na shangazi alikuwa ametuma picha ya ukurasa wa daftari la ubatizo la parokia ya mji wa pili, alikobatizwa bibi. Kiherehere aliupitia haraka haraka.

"Bibi! Kumbe mama yako si yule uliyetuambia! Hapa kaandikwa mwanamke mwingine."

"Mwingine nani?"

"Pameandikwa 'Mama wa', halafu neno limefupishwa, halafu jina. Wala simjui."

Bibi aliinuka. Aliingia chumbani, kitana bado kichwani, akafunga mlango. Mchana alikataa chakula.

Mama aliitazama ile picha. "Hilo neno lililofupishwa lina maana gani?"

"Sijui, mama. Nili... nilikisia tu."

"Ukisie tu, halafu umwambie mtu mzima mama yake si mama yake? Vaa viatu, twende."

Walipanda basi hadi ofisi ya parokia hiyo. Katibu alivaa miwani, akafungua daftari lenyewe.

"Mama mzazi ndiye huyu wa juu, picha yenu imemkata," alisema. Kweli, lilikuwa jina lile lile ambalo bibi hulitaja siku zote. "Huyu wa chini ni mama wa ubatizo. Yeye alimsimamia mtoto kanisani na kuahidi kumlea kiimani. Hakumzaa."

"Na hapa, 'dharura'?" Kiherehere aliuliza.

"Mtoto alikuwa mahututi, padri hakusubiriwa. Nesi alimbatiza palepale wodini, na mtoto alipopata nafuu akaletwa kanisani kukamilisha ibada. Nesi huyo huyo ndiye aliyemsimamia." Katibu akacheka. "Tena yupo! Juzi tu amenigombeza kwa kuchelewesha kengele."

Waliposhuka basi, Kiherehere alikimbia nyumbani, akabisha mlango wa bibi. "Bibi, nisamehe. Sikulielewa neno, nikajitungia maana. Mama yako ni yule yule."

Mlango ukafunguka. Bibi alikuwa na machozi na kicheko kwa pamoja. "Afadhali! Nilikuwa najiandaa kwenda kumuuliza huko huko kaburini!"

Kesho yake, baada ya ibada, walikwenda kwa nesi mstaafu. Alikuwa ameinama kwa uzee, lakini alimshika bibi mashavu kwa nguvu.

"Wewe! Ulikuwa mdogo wa kulazwa ndani ya kiatu! Nilikumwagia maji palepale wodini. Halafu nikahamishwa kituo, na niliporudi nyinyi mlikuwa mmeshahama. Sikujua hata kama uliota meno."

"Yaliota, mama, na mengine yameshang'oka!"

Walicheka mpaka wakashikana mabega.

Kiherehere alimgeukia nesi, akatoa kalamu. "Shikamoo, bibi. Nikiandika 'mama wa ubatizo', nikuweke upande gani wa ukoo?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Niweke pembeni, karibu na wazazi, ila si mahali pao." Bibi kizee akamtazama vizuri. "Umefanya vema kuuliza. Neno usilolijua, uliza kabla hujalisema. Ukiuliza huumizi mtu, lakini ukikisia unaweza kumvunja mtu moyo, hata kama hukukusudia."

Kisha akamgeukia bibi, mwenye wajukuu wake mwenyewe. "Nawe kaa chini ule, mwanangu. Bado u mwembamba."

Bibi akakaa, akala kila alichowekewa.