Kopo la Grisi

Trekta lilizimika katikati ya kivuko, mahali pabaya kuliko pote. Gurudumu la nyuma lilitumbukia shimoni, injini ikakohoa mara moja, kisha ikabaki sauti ya maji tu. Mto huu wa bondeni Kabiria siku nyingine hata mbuzi huuvuka bila kulowesha magoti. Leo mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, na maji yalikuwa yanapanda.

Dalmas, mwenye trekta, aliruka chini kutafuta jiwe la kuzuia gurudumu. Ndiyo tabia yake, kuruka kwanza na kufikiri baadaye. Trekta likarudi nyuma kidogo, kidogo tu, likamnasa mguu wa kulia, gambuti yake ya mpira na yote, kati ya tairi na ukingo wa zege uliovunjika. Alipiga yowe ambalo Nasimiyu hakuwahi kulisikia kwa mtu mzima.

Nasimiyu alikuwa fundi wa stata, zile mota ndogo za kuwashia injini, kutoka Ngara. Alikuja asubuhi hiyo kuona kama stata aliyomtengenezea Dalmas inafanya kazi vizuri kwenye trekta lenyewe, lile kuukuu alilorithi kwa babake na kulitumia kubebea majani ya ng'ombe. Sasa alijitupa kwenye kiti, akakanyaga breki, akaifunga.

"Mzee, mguu umevunjika?"

"Sijui. Siusikii. Washa tu, fundi! Ikisonga mbele kidogo natoka."

Akawasha. Stata ililia viiii, nyembamba na ya haraka, lakini injini haikugeuka. Akajaribu tena. Viiii. Sauti hiyo aliijua. Stata ilikuwa inazunguka bure. Kigia chake cha mbele hakitoki kushika meno ya gurudumu kubwa la injini.

"Mzee, ulipaka nini kwa stata?"

Dalmas alikwepa macho yake. Maji yalikuwa yamemfika kiunoni.

"Grisi kidogo tu. Jana. Nilitaka iteleze vizuri."

Nasimiyu alikuwa amemwambia palepale Ngara: hapa pa kigia paache pakavu, grisi itakamata vumbi na makapi, kigia kitaganda. Sikio la kufa halisikii dawa, lakini Nasimiyu hakutaka sikio hili life. Alikuwa na hasira kiasi cha kutaka kumzaba kofi, na hofu kiasi cha kutaka kulia. Akachukua spana.

Ng'amboni, Jackton, jirani wa Dalmas, alikuwa amefunga kamba kwenye mti. Akaivuta hadi kwa Dalmas, akaipitisha chini ya makwapa yake.

"Fundi, si uko na stata ingine kwa gunia? Weka hiyo!"

Kweli alikuwa nayo, ya mteja mwingine. Umbo lilelile, rangi ileile, matundu ya bolti yaleyale. Nasimiyu aliitoa guniani, akapitisha kidole gumba juu ya meno ya kigia, akahesabu. Akahesabu tena. Tisa. Ya Dalmas ilikuwa na kumi.

"Haiingiani."

"Zinafanana!"

"Zinafanana kwa macho. Nikiweka hii itasaga meno ya injini, na hapo hata ile ya mzee haitatusaidia. Shika mzee, Jackton. Mwinue kichwa."

Alichomoa waya wa betri, akashuka upande wa injini. Maji baridi yalimpiga mapajani. Bolti ya kwanza ililegea, ya pili pia, ya tatu ikagoma. Akaipiga spana kwa jiwe, ngozi ya vidole ikachubuka, bolti ikaachia. Stata ikamwangukia kifuani kwa uzito wa mtoto mchanga. Tundu lililobaki lilikuwa wazi, na maji yalikuwa kiganja kimoja chini yake.

"Fundi," Dalmas aliita. Shimoni alikosimama, maji yalikuwa yamemfika kidevuni. "Usikawie, mama."

Alivua kitambaa cha kichwani, akachovya pembe moja kwenye tangi la dizeli. Akasugua tope jeusi la grisi, akazungusha kigia, akasugua tena. Kikasogea nusu, kikakwama. Akang'oa unyasi uliojikunja ndani kwa kucha. Kikatoka chote na kurudi chenyewe. Akakikausha kwa pembe kavu, akairudisha stata, akakaza bolti mbili, ya tatu akaiacha. Waya. Kiti. Gia ya kwanza, klachi chini.

Safari hii stata iligonga: kwa! Injini ikageuka kwa uzito, ikatema moshi, ikanguruma. Alifungua breki, akaachia klachi polepole huku akimwomba Mungu, kwani trekta likirudi nyuma hata kidogo mguu ungesagika. Likaenda mbele upana wa kiganja, tairi likaanza kuteleza.

"Bado! Gambuti imeng'ang'ana!" Jackton alipiga kelele.

Nasimiyu alifunga breki, akafungua sanduku la vifaa. Kopo la grisi lilikuwa pale, limejaa robo tatu. Akajitosa, akalisukuma mikononi mwa Dalmas.

"Ingiza ndani ya gambuti, mzee. Hapa sasa ndipo pa kupaka."

Dalmas alizama, akaibuka, akazama tena. Jackton akavuta kamba. Mguu ukachomoka mtupu, umevimba, unang'aa kwa grisi, gambuti ikabaki.

Nasimiyu alipokea kopo, akarudi juu; safari hii tairi likashika, akalivusha trekta akiwa amesimama. Ng'amboni hakuna aliyethubutu kulizima. Dalmas alikaa kwenye majani akilia bila kujificha.

"Stata nitaiacha kavu," alisema.

"Nilikuambia hivyo Ngara."

Nasimiyu alitaka kuongeza neno kali, lakini mikono yake ambayo haikutetemeka majini sasa ilishindwa kufunga kifuniko cha kopo. Dalmas akalichukua kutoka kwake, akalifunga yeye.