Ndoo ya Mtachoka

Elena wa Lurujo ana mbwa jike. Jina lake ni Mtachoka. Alimpa jina hilo ili majirani wenye maneno mengi walisikie kila akimwita. Mbwa huyo hulinda karanga. Tumbili akiweka mguu shambani, anajuta.

Mwaka huu uvimbe ulimwota karibu na chuchu. Ulikua, ukawa kama yai la bata. Daktari wa mifugo wa Koboko aliukata, akashona. Kisha akamvalisha shingoni ndoo iliyotolewa kitako, asilambe kidonda.

"Iko kama spika ya kanisa," alisema Romano, mume wa Elena. Akaivua. "Mate ya mbwa ndiyo dawa yake."

Halafu akaleta oili chafu ya lori. Madereva wa mpakani Oraba humpa bure, naye huipaka kila kitu: mlango, baiskeli, hata mbuzi wenye upele. Akaipaka juu ya nyuzi.

Kesho yake Mtachoka hakula. Alitetemeka. Kidonda kilivimba, kikanuka, uzi ukakatika.

"Mzee, umeua mbwa yangu!"

"Bado iko hai," Romano alisema, lakini sauti ilikuwa ndogo.

Elena alimwita Keji, jirani anayetibu mifugo. Keji akanusa kidonda.

"Nani alipaka hii?"

Romano akatazama kuku.

"Oili inachoma kidonda," Keji alisema. "Akilamba, ni sumu tumboni. Na mate yana uchafu. Ulimi wake ndio umekata uzi."

"Atapona?"

"Sijui, mama. Tujaribu."

Aliosha oili kwa maji ya sabuni, kisha kwa maji yaliyochemshwa na kupoa. Akampigia daktari simu. Daktari alikuja, akamchoma sindano, akashona tena, akamrudishia ndoo.

"Ndoo isitoke," alisema. "Asilowe. Asikimbie mpaka nyuzi zitoke. Vidonge vimalizeni, hata akichangamka."

"Na tumbili?" Romano aliuliza.

"Utabweka wewe," Elena alijibu.

Romano alishinda shambani akipiga debe na kupiga kelele. Kila jioni aliuliza, "Amekula?" Elena alitikisa kichwa. Jioni moja akasema, "Amelamba uji." Romano akakaa chini pale pale, na debe lake mkononi.

Nyuzi zilipotolewa, kovu lilikuwa kavu. Mtachoka aliruka moja kwa moja hadi kwenye karanga. Tumbili walikimbilia mitini. Romano, aliyebaki bila sauti, alicheka kwa mabega tu. Oili yake sasa inaishia kwenye baiskeli.

"Mtachoka!" Elena aliita kwa nguvu, mpaka jirani wa tatu akafunga dirisha.