Aliyeniwekea Makaa Mlangoni

Nilifungua mlango wa nyumba yetu pale Kuze, Mombasa, asubuhi ya Jumamosi, mguu wangu ukakanyaga kitu.

Kitambaa. Kimefungwa fundo.

Jamani! Nilijua kilichomo kabla hata sijainama...

Kipande cha mkaa.

Kama mara ya kwanza. Kama mara ya pili. Ila siku zile ulifungwa katika kitambaa chekundu kipya. Safari hii ulifungwa katika kipande cha leso kuukuu, na ukingo wa leso ile ulikuwa umeungua.

Kuna mtu alikuwa ananiahidi moto!

Hebu niwarudishe nyuma kidogo, msije mkaanza kuniuliza maswali kabla sijamaliza.

Ni miaka ya tisini. Mimi Mwanakuu, binti wa Mji wa Kale, nasoma biashara chuo kikuu Nairobi. Nyinyi wa leo mnalia intaneti ikikatika. Sisi kilichokatika kilikuwa chuo chenyewe! Wanafunzi waligoma, mawe yakarushwa, serikali ikafunga milango na kila mtu akaambiwa arudi kwao.

Nikarudi Mombasa. Mtaani nikawakuta waliomaliza chuo zamani wamekaa barazani na shahada zao, wananyoa ndevu kila asubuhi wakisubiri kuitwa kazini. Hakuna aliyekuwa anaita.

Nikaogopa. Nikajiona mimi pale, na buibui langu na cheti changu, nasubiri nao.

Ndipo nikaanza kupika udi.

Siyo ule wa vijiti mnaochoma kufukuza mbu! Udi wa kwetu ni vipande vya mti unaonukia, unavipika na sukari, unatia mafuta ya waridi na manukato mengine unayoyajua mwenyewe. Ukiweka kidogo kwenye chetezo chenye makaa, nyumba nzima inanukia mpaka kesho. Bibi harusi haingii chumbani bila udi.

Pua nilikuwa nayo. Sijui niliitoa wapi. Mamangu, Mwanarusi, alikufa kwa homa nikiwa sijaanza hata kutembea, na babangu alinilea bila kumtaja sana.

Rafiki yangu wa chuo, Kadzo, mtu wa Kilifi, alikuwa anakaa kwa dadake mjini. Akachukua udi wangu akaupeleka kwenye majumba ya Kizingo, kule ambako kutembea kwa miguu ni ajabu. Alirudi anacheka.

"Mwanakuu, wameupenda! Kuna harusi, wataka udi wa nyumba nzima!"

"Wataka lini?"

"Wiki ijayo. Chuo kikifunguliwa na kifunguliwe, sisi tuna kazi!"

Siku ya pili yake nikapata mkaa wa kwanza mlangoni.

Sasa nani? Akili yangu ilikwenda moja kwa moja kwa Bi Swafia. Huyu ndiye aliyekuwa mpishi wa udi mkubwa kuliko wote mjini. Na mimi, kabla sijaanza, nilikwenda kwake kwa adabu zangu zote.

"Sabalkheri, Bi Swafia."

"Aheri, mwanangu. Karibu."

"Nimekuja unifundishe udi."

Uso ukambadilika pale pale! Akaweka kikombe chini.

"Sikufundishi. Rudi ukasome. Na ndani ya nyumba ile usithubutu kupika!"

Haya, niambieni nyinyi mnaosoma. Mngemshuku nani?

Mkaa wa kwanza nilimpelekea baba. Mzee Abdulghafur, karani wa bandarini, mtu wa kalamu na msikiti. Nilitarajia anitulize, aseme hayo ni mambo ya kijinga. Badala yake alikitazama kile kitambaa, akageuza uso.

"Wamekwisha kukwambia uache. Basi acha."

"Nani kaniambia, baba? Kwani mkaa wasema?"

"Chuo kitafunguliwa, utasoma, utakaa ofisini penye feni. Udi una nini?"

Wa pili ulipokuja, kula kukanishinda. Usingizi ukawa wa kuibaiba. Nilikuwa nikisikia viatu uchochoroni nabana pumzi. Jiko nikiliwasha narudi nyuma hatua mbili, maana kila nikiona cheche nawaza, ndio leo? Nasema wazi, sijawahi kuogopa vile tena maishani, na nimezaa mara nne!

Kwa hiyo ile Jumamosi, na ile leso iliyoungua mkononi, nilikuwa nimeshakata shauri. Kadzo alipofika kuulizia udi wa harusi, alinikuta nimekaa chini ukumbini.

"Naacha," nikamwambia.

"Leo? Na watu wa harusi je?"

"Kadzo, watanichoma moto ndani ya nyumba na babangu! Nikichomwa, cheo cha mfanyabiashara nitakipeleka wapi?"

Kadzo akachukua kile kipande cha leso, akakitazama, kisha akakinusa.

"Hii nayo mbona yanukia?"

Nikakinyakua. Nikakiweka puani...

Nikanusa tena.

Ilikuwa harufu yangu. Na siyo udi niliouza Kizingo, la! Ulikuwa mchanganyiko mpya wa ile harusi, ndani yake mna maua ya mkadi na karafuu kidogo. Kadzo mwenyewe alikuwa hajaunusa. Nilikuwa nimeuchoma mara moja tu, Ijumaa ile, kuujaribu.

Na nilijaribia wapi?

Kwetu kila Ijumaa nguo ya kwendea msikitini hufukizwa. Unaweka chetezo chini, unafunika kwa tenga, unatandaza kanzu juu mpaka moshi uingie kila mshono. Ijumaa ile nilikuwa nimefukiza kanzu moja peke yake.

Ya baba.

Nilifukiza na kilichokuwa mfukoni mwake bila kujua!

"Kadzo, nenda," nikamwambia. "Nenda, ntakwita."

Baba alikuwa chumbani kwake, amekaa mkekani. Nililiweka lile fundo mbele yake. Sikuweza kupandisha sauti. Ni nani anaweza, kwa mzazi wake?

"Baba, hiki kimetoka mfukoni mwa kanzu yako."



"Nani kakwambia?"

"Pua."

Aliposikia neno lile, mzee wangu alijifunika uso kwa mikono miwili. Sikuwahi kumwona akilia. Nikaingiwa na hofu kubwa kuliko ile ya makaa.

"Pua ya mamako," akasema. "Allah, pua ya mamako..."

"Kwani mama alikuwa—"

"Mamako hakufa kwa homa, Mwanakuu."

Nilikaa chini.

"Alikuwa apika udi, yeye na Swafia. Jiko lile lile unalopikia wewe. Akatia mafuta ya manukato na sufuria ingali motoni. Moto ukapanda, ukashika leso. Swafia alimwagia maji, mimi nikamvuta kwa mikono yangu. Hiki ndicho kipande kilichobaki. Nimekiweka miaka yote."

"Na mimi nikiambiwa homa!"

"Ningekwambiaje? Kila ukiwasha jiko mimi naona yeye. Nikasema, nikikutisha utaacha, utarudi chuoni, utakuwa hai. Mkaa wa kwanza hukuacha. Wa pili hukuacha. Hiki nilikibeba tangu Alhamisi, kila nikitaka kukiweka moyo wakataa."

Nilitaka kukasirika. Wallahi nilitaka! Lakini nilishika mikono yake nikaigeuza. Makovu yale nilikuwa nikiyaona tangu utotoni. Nilikuwa nikibusu mkono ule kila siku bila kuuliza umepatwa na nini.

Mwisho nikamwambia, "Baba, mimi siachi. Lakini sitapika peke yangu."

Baba akaenda mwenyewe kumwita Bi Swafia, na adhuhuri bibi yule aliingia kwetu, mara ya kwanza tangu mazishi ya mamangu. Tukatoa jiko uani, penye hewa. Akakunja mikono ya buibui. Baba akasimama na ndoo ya mchanga, uso umempauka.

"Kabla hujatia mafuta," Bi Swafia akasema, "waepua. Waiweka sufuria chini, mbali na jiko. Wasubiri. Hilo ndilo mamako alilisahau siku moja tu."

Harusi ile ilinukia mtaa mzima.

Siku hizi vyuo huniita nizungumze. Walimu waniuliza ni nini humfanya mwanafunzi atamani kujiajiri, wakitegemea nitaje mtaji au somo fulani. Mimi huwauliza wanafunzi: nyumbani kwenu ni nani anayeogopa, na amewaambia anaogopa nini? Wazazi, nanyi mnisikie. Ukimtishia mtoto bila kumwambia sababu, utamfundisha woga wako na siri utakufa nayo. Mwambie. Kisha simama karibu.

Chuo kilifunguliwa, nikamaliza, na sikuomba kazi mahali popote. Babangu alistaafu bandarini akahamia uani kwangu na ndoo yake. Wateja walimzoea. Mpaka mwaka alioaga dunia, kila niliposhika chupa ya mafuta nilimsikia nyuma yangu, sauti ikitetemeka vile vile:

"Epua kwanza, mwanangu!"